Mwezi Ulipatwa, Picha Zangu Zikatoka Duara Jeupe: Nilikosea Wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Tanga. Septemba 7, 2025 mwezi ulipopatwa nilitoka na kamera yangu ya mtumba, Canon 1300D, na lenzi ya 55-250. Mwanzoni picha zote zilitoka duara jeupe tupu, hata doa halionekani. Mwezi ulipokuwa mwekundu kabisa zikatoka nyeusi, na nilipoongeza muda zikatoka kama mwezi umeburutwa. Picha kadhaa zina mwezi mwingine mdogo wa kijani upande wa pili, sijui umetoka wapi. Rafiki yangu anasema nilihitaji kioo cheusi kama cha kupatwa kwa jua, la sivyo naharibu kamera na macho. Dukani wananishauri lenzi ya milimita 600. Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu. Ninunue nini? Na mwezi utapatwa tena lini huku kwetu?"*

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, na hilo limenirahisishia kazi. Una matatizo manne kwa mkupuo: weupe, weusi, kuburutwa, na huyo mwezi wa kijani. Kila moja lina chanzo chake, na ufupi wa lenzi hauhusiki na hata moja. Kamera uliyonayo inatosha kabisa kupiga picha nzuri ya mwezi uliopatwa. Kwa hiyo akiba yako ikae kwanza, tutaifikia.

Tuanze na rafiki yako. Amechanganya mambo mawili, na simlaumu. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa kipete (likabaki pete ya mwanga kuzunguka mwezi) na watu wakafurika Rujewa, kule Mbarali, sote tulisisitiziwa kuvaa miwani maalumu, na onyo lile lilikuwa la kweli. Jua hata likibaki ukingo tu linaunguza jicho. Mwezi hauna moto wake. Ukipatwa, dunia imekaa kati yake na jua, na unachokiona juu yake ni kivuli chetu wenyewe. Mwanga unaokufikia ni ule ule wa mwezi mpevu wa kila siku, tena unazidi kupungua. Utazame kwa macho, kwa darubini, kwa kamera, mpaka uchoke. Kioo cha jua hupunguza mwanga kiasi cha mara laki moja, kwa hiyo ungekifunga usiku ule ungerudi nyumbani na fremu nyeusi tupu.

Ninachokushuku ni kioo kingine, kile cheupe cha kinga ambacho wauza kamera hupenda kukifunga mbele ya lenzi. Mwanga mkali ukishaingia, sehemu yake hugonga sensa (kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) na vioo vya ndani, ikarudi mbele, ikakutana na kile kioo bapa, ikarudishwa tena ndani. Matokeo yake ni mwezi wa pili, hafifu, mara nyingi wa kijani, upande ulio mkabala na mwezi wa kweli ukipita katikati ya fremu. Jaribu usiku wowote wenye mwezi: usogeze mwezi kushoto, uone kama yule mdogo anakimbilia kulia. Akikimbia, fungua kioo ukiweke mfukoni. Kwenye vumbi au rasharasha za bahari kirudishe, lakini kwa mwezi hakina kazi.

Sasa lile duara jeupe, ndipo wengi wanapokwama. Mwezi mpevu tunauona wakati wa giza, basi tunadhani ni kitu cha giza. Kumbe ni mwamba ulioanikwa kwenye jua kali la adhuhuri, na kamera inatakiwa kuupiga kwa kipimo cha mchana. Kwenye lenzi yako ikivutwa hadi milimita 250, mwezi unachukua kiasi cha milimita 2.3 tu za sensa yenye upana wa milimita 22. Yaani ni asilimia moja na ushei ya fremu nzima. Asilimia nyingine 98 ni anga nyeusi. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe, inaliona giza hilo, inaamua kuna upungufu wa mwanga, na inaongeza mpaka mwezi unaungua wote, yaani unatoka weupe mtupu. Imepima sawasawa, ila imepima anga.

Kwa hiyo zungusha gurudumu liende kwenye M, uamue mwenyewe. Kwa mwezi mpevu ambao haujaguswa na kivuli, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikipungua tundu hupanuka), kasi 1/200 ya sekunde. Utaona mabaka meusi, utaona mistari ya miale inayotoka kwenye shimo la Tycho upande wa kusini. Ukiona bado umeungua nenda 1/250, ukitoka na giza mno shuka 1/125. Mwezi mpevu uko kila mwezi, huna sababu ya kungoja upatwe ndipo ujifunze hili.

Usiku wa kupatwa, ugumu ni kwamba kipimo hicho hakidumu. Saa nzima ya kwanza mwezi unapita kwenye kivuli hafifu, na macho hayaoni kitu zaidi ya utusitusi upande mmoja. Tumia muda huo kuweka fokasi, usijaze kadi. Kisha ukingo wa kivuli kizito unaanza kuumega. Hapo kipimo cha mwanzo bado kinafaa kwa upande unaong'aa, ila kadiri kivuli kinavyosogea hata sehemu iliyobaki inafifia. Ukimegwa nusu jaribu 1/60, na kikibaki kipande chembamba shuka hadi 1/15, ukiwa palepale ISO 100 na f/8. Wakati huo macho yako yataanza kuona wekundu upande uliofunikwa, na kamera itakuonyesha weusi tu. Kamera haina ubovu. Tofauti ya mwanga kati ya pande mbili ni kubwa kuliko sensa yako inavyoweza kubeba katika picha moja, kwa hiyo unachagua. Ama kipande king'aacho kikae sawa na kwingine kuwe giza, ama wekundu uonekane na kipande kile kiungue. Zile picha unazoziona zikiwa na vyote viwili, karibu zote zimeunganishwa kutoka fremu mbili au zaidi. Si dhambi, mradi mwenye picha aseme.

Mwezi ukishazama wote ndani ya kivuli kizito, mwanga wake unaanguka mara elfu kumi au zaidi. Ndiyo maana fremu zako zilitoka nyeusi: inaelekea ulikuwa umesharekebisha kipimo kwa ajili ya mwezi mkali, ukaongeza kidogo kidogo, wakati ulitakiwa kuruka. Anzia ISO 1600, f/5.6, sekunde 1. Hapo piga mfululizo: robo sekunde, nusu, sekunde nzima, sekunde mbili. Rudia mfululizo huo kila baada ya dakika kumi hivi, kwa sababu katikati ya kupatwa mwezi huwa mweusi kuliko mwanzoni na mwishoni.

Siwezi kukupa namba moja ya uhakika, na anayekupa anakudanganya. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopita pembeni mwa dunia, ndani ya hewa yetu, ukapindishwa kuelekea mwezini. Hewa hutawanya rangi ya bluu njiani na kuachia nyekundu ipite, kama inavyofanya kila machweo. Basi mwezi uliopatwa utakuwaje inategemea hali ya hewa ya dunia nzima usiku huo: mawingu, vumbi, majivu. Mwaka 1921 Mfaransa André Danjon alitoa kipimo cha 0 hadi 4 cha kuupanga mwezi uliopatwa, kuanzia ule wa kutoonekana karibu kabisa mpaka ule wa shaba angavu. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulimwaga majivu na gesi juu sana angani, na mwezi ulipopatwa Desemba 9, 1992 ulififia kiasi cha kuwa taabu kuuona kwa macho. Mpiga picha aliyeshika namba za miaka iliyotangulia hakupata kitu. Ndiyo sababu nasisitiza mfululizo, wala si kipimo kimoja.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalisindika, na uwekaji wa rangi uwe ule wa mwanga wa mchana. Ukiacha kamera ichague rangi, itauona wekundu kama kosa na kuusahihisha, upate mwezi wa kijivujivu. Kisha ukiangalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, fungua ile ya rangi tatu. Katika picha hizi nyekundu huungua kwanza huku zile nyingine zimelala chini, na histogramu ya jumla haikwambii. Dakika chache baada ya mwezi kufunikwa wote, na dakika chache kabla ya kutoka, angalia ukingo ulio karibu na mwanga: mara nyingine kuna utepe wa samawati hivi. Huo ni mwanga uliopita juu kabisa kwenye tabaka la ozoni, ambalo hufyonza nyekundu. Watu wengi huukosa kwa sababu wako bize kubadilisha kadi.

Sasa tuje kwenye kuburutwa, maana hapo ndipo lilipo jibu la akiba yako. Kuna visababishi viwili. Cha kwanza ni dunia kuzunguka. Mwezi unaonekana ukisafiri angani kwa upana wake mzima kila dakika mbili hivi. Kwa lenzi yako ikiwa 250 kwenye 1300D, katika sekunde moja mwezi unahama kiasi cha pikseli nne. Hizo hazikerei. Sekunde mbili, nane, unaanza kuziona. Sekunde nne au tano ni uji. Kwa hiyo jiwekee mpaka: usizidi sekunde moja mpaka mbili, na mwanga ukikosekana panda ISO 3200 badala ya kuongeza muda. Ndiyo, picha itakuwa na chenga. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, mwezi ulioburutwa haunyooshwi.

Ukifunga lenzi ya milimita 600 kwenye kamera hiyo hiyo, sekunde moja inakuwa pikseli kumi. Tena lenzi nyingi za 600 za bei ya kawaida tundu lake kubwa kabisa ni f/6.3, yaani zinaingiza mwanga mdogo kuliko f/5.6 yako. Hivyo ungelazimika kupiga kwa muda mfupi zaidi na mwanga mchache zaidi, katika giza lile lile. Sisemi ni lenzi mbaya. Mwezi utatoka na upana wa pikseli kama 1270 badala ya 530 unazopata sasa, na kwa mwezi mpevu wa kawaida, ndege, au mashua zilizo mbali, utaifurahia. Ila kwa mwezi uliopatwa, bila mashine ya mota inayofuata mwendo wa anga, inakuongezea tatizo lile lile ulilonalo. Na mashine ya namna hiyo yenye nguvu ya kubeba 600 inataka akiba nyingine kabisa.

Kisababishi cha pili ni mtikisiko. Katika barua yako yote hukutaja stendi, na kimya hicho kimenijibu. Nunua stendi ya miguu mitatu. Isiwe ile nyepesi ya kurefuka kama antena, bali yenye miguu minene na kichwa kinachokaza bila kulegea kamera ikiinama. Dukani ifunge kamera na lenzi yako, ielekeze juu, kaza, kisha igonge kidogo na kidole uone inatetemeka kwa muda gani. Ikiendelea zaidi ya sekunde moja irudishe. Hiyo ndiyo manunuzi yako, na chenji itabaki ya betri ya pili.

Ukiwa nayo, usirefushe shingo ya katikati, na tundika begi chini yake kama kuna upepo. Zima swichi ya STABILIZER kwenye lenzi, maana juu ya stendi inaweza kuhangaika yenyewe na kutikisa picha. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisiguse kamera wakati wa kupiga. Fokasi iweke kwa mkono: washa kioo cha nyuma, vuta mara 10, zungusha taratibu hadi ukingo wa mwezi ukate kama wembe. Fanya hivyo mwezi ukiwa bado mkali, kwa sababu ukishakuwa mwekundu kamera haioni pa kushika. Halafu usiguse tena, ila kila nusu saa hakikisha, lenzi hizi za kuvuta hulegea zikielekezwa juu. Na kwa sisi wa pwani kuna hili: kamera iliyotoka chumba chenye kiyoyozi ikikutana na joto la Tanga inafuka jasho papo hapo. Itoe nje ikiwa ndani ya begi nusu saa kabla, uiache izoee.

Wenye simu wasijisikie wametengwa, ingawa nitasema machache tu. Gusa mwezi kwenye kioo, shusha mwanga kwa kidole mpaka sura ionekane, na iegemeze simu mahali. Jihadhari na simu zinazotambua mwezi na kuupamba kwa programu. Zimefundishwa sura ya mwezi wa kawaida, na hapo hujui umepiga nini na umepewa nini. Simu ina faida moja kubwa: picha pana ya watu, mitende na mwezi mwekundu mdogo juu yao. Kwangu picha hiyo inazidi duara jekundu lililokatwa peke yake, ambalo linafanana na maelfu mengine.

Jambo hilo linakuhusu nawe, kwa sababu nafasi yako inayofuata ya mwezi kupatwa wote ni ya picha ya namna hiyo hasa. Kuna mazoezi Agosti 28, 2026: mwezi utapatwa kwa sehemu, kivuli kizito kikianza saa 11:34 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, na huko Tanga utazama magharibi umeshamegwa kabla ya kilele cha saa 1:13 asubuhi. Wasomaji wa Kinshasa watakuwa na bahati zaidi, maana kilele kitawakuta mwezi ungali juu. Lakini tia alama Desemba 31, 2028. Jioni hiyo kivuli kizito kitaanza kuumega saa 12:07, kabla haujachomoza kwetu, kwa hiyo utatoka baharini ukiwa tayari na pengo. Utafunikwa wote saa 1:16 usiku, kilele saa 1:52, na utaanza kuachiwa yapata saa 2:28. Ikifika saa 3:36 kivuli kizito kimeondoka, na mkesha wa mwaka mpya utauwahi.

Nenda Raskazone, hapo ufukweni Tanga, jioni mapema. Mwezi utachomoza mashariki, umeegemea kaskazini kidogo. Anga itakuwa bado na rangi ya magharibi mwanzoni, kwa hiyo wekundu hautaonekana mara moja, vumilia. Unapofunikwa wote utakuwa chini, kama nyuzi tisa juu ya upeo, na hapo kuna hesabu itakayokusaidia: kitu chochote kinalingana na upana wa mwezi ukikaa mbali nacho mara 110 ya ukubwa wake. Mtu wa mita 1.7 akisimama mita 190 kutoka ulipo, urefu wake na mwezi ni sawa kwa jicho na kwa kamera. Ukitaka mwezi mkubwa nyuma ya dau, usisogee karibu na dau, rudi nyuma na uvute lenzi.

Au fanya kinyume, kwa lenzi ya 18-55 kama unayo. Kamera isimame wima, lenzi iwe kwenye 18, stendi isiguswe, piga kila dakika tano tangu mwezi utoke hadi kivuli kiondoke, kisha uziunganishe. Sisi wa karibu na ikweta tuna upendeleo hapa: mwezi hupanda karibu wima, wakati wenzetu walioko Ulaya unawakimbilia pembeni, unatoka nje ya fremu. Kumbuka tu kubadilisha kipimo njiani kama nilivyoeleza, bila kuisukuma kamera. Na kama kuna watu wanaoswali swala ya kupatwa kwa mwezi jirani na hapo, zima flashi. Flashi haifiki mwezini hata hivyo.

Mawingu nayo hayana adabu, na Desemba yanaweza kukunyima yote. Ikitokea hivyo, Desemba 21, 2029 utapatwa tena wote, kilele kikiwa karibu saa 7:42 usiku kwa saa zetu, ukiwa juu sana angani. Huo utafaa kwa picha ya karibu.

Limebaki moja ambalo siwezi kulimaliza kwa maandishi. Lenzi yako ni ya mtumba, na imekaa pwani. Usiku mmoja zima taa za chumbani, itoe lenzi kwenye kamera na uondoe vifuniko vyake vya nyuma na mbele, mulika tochi upande mmoja huku ukichungulia kwa pembe kutoka upande wa pili. Vumbi dogo halina neno. Ukiona nyuzi kama mizizi au utando wa buibui, huo ni ukungu unaokua juu ya kioo, na unafanya mwezi utoe weupe unaosambaa hata ukiweka kila kipimo sawa. Hapo mpelekee fundi wa kamera mkono kwa mkono, aione na akwambie gharama kabla hajafungua. Wakati mwingine kusafisha kunazidi bei ya lenzi nyingine ya mtumba. Usiifungue mwenyewe, na sensa usiiguse kwa kitambaa wala kuipulizia kwa mdomo. Ukirudi kutoka kwa fundi, hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na uvibadilishe vikishalowa.